Sashe Mbili za Matonge ya Mbwa

Likasi, Kikula, jioni

Mwipwa wangu Clémence,

Barua hii utaikuta ndani ya kiatu chako cha kushoto, kile cheusi cha kazi. Sikuiweka kwenye kisanduku cha barafu kwa sababu ulinifundisha mwenyewe kwamba mle haiingii karatasi, hauingii mkono mtupu, haiingii chupa ya maji ya mtu. Unaona kama nilisikiliza? Watu wanasema Floribert anajua kusema tu. Masikio ninayo, tena makubwa.

Naandika kwa Kiswahili cha kanisa, kile tunachosomewa siku ya Mungu, maana barua ni kitu cha heshima, na mimi niliacha shule nikiwa bado natafuta mahali pa kuweka koma. Ukiona nimeteleza, teleza na mimi.

Saa hii uko parokiani, korali wanakuaga kwa nyimbo. Nawasikia kutoka hapa. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia mabati yakipoa juu ya kichwa changu. Kesho asubuhi utapanda basi la Lubumbashi kwenda kujifunza kazi kwenye labo ya kupima magonjwa ya wanyama, na kisanduku kitakuwa juu ya magoti yako. Na ndani ya kisanduku kuna kitu kimoja cha uongo. Nilikiweka mimi.

Usiitupe barua. Kaa.

Asubuhi uliniuliza, "Tonton, haya njo matonge Minista alikulaka?" Nikasema ndiyo, njo yale. Ukanitazama hapa kati ya macho: "Njo yale ya kweli?" Nikaapa kwa jina la marehemu mama yako, dada yangu. Ukabandika etiketi, ukayalaza karibu na kichupa cha choo cha mbwa mwenyewe, ukafunga na utepe. Clémence, matonge yale niliyapika juzi, kwa ajili ya labo peke yake. Niliyapika mpaka makaa yakaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Hakuna mikrobi iliyotoka hai mle. Yale aliyokula Minista, yaliyomlaza Minista, yako ndani ya sashe nyingine ya plastiki, kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, nyuma ya picha ya Bikira. Moja inasafiri, nyingine inabaki. Nimekaa mezani kukuandikia, na bado sijajua ni ipi.

Habari za kufunga mlango, za vijana wa Lubumbashi, za kula kabla ya kutoka, sitakuambia. Mama wa korali wanakuambia hayo sasa hivi, wote kwa pamoja. Mimi acha nikuambie nilivyoanza kupikia mbwa. Najua umesikia. Lakini kila mara nilikuwa nimeongeza kitu.

Nilikuwa sentineli, mlinzi, kule Kakanda, kwenye ua wa mgodi, na mbwa wa kampuni walikuwa wakali kuliko sisi. Mpishi wao akaugua, nikashika mwiko. Siku ile, kama ninavyosema kila siku, mbwa waliacha kubweka, wakakaa mstari mmoja kama watoto wa komunyo. Na nilipoacha kazi, mmoja wao, Kaporali, alinusa sufuria yangu kutoka Kakanda, akapanda treni ya madini, akashuka Shituru, nikamkuta ananingoja stesheni, amekaa kama msafiri aliyekosa mzigo wake. Hiyo unaijua. Ulipokuwa mtoto uliipenda kuliko zote.

Kaporali hakupanda treni. Alikuja kwa miguu nyuma ya baiskeli yangu, kwa sababu wenyewe walimfukuza, mbavu zote nje, na mimi pia walikuwa wamenifukuza. Tulikuja wawili namna ile, hakuna aliyetungoja. Ile ya treni ni nzuri zaidi, nakubali. Leo nakuambia ya miguu.

Hapo ndipo nikaanza. Mapafu, bandama, utumbo kutoka machinjioni, na pumba za mahindi. Nachemsha ndani ya nusu pipa, nafinyanga matonge, naanika juu ya mabati. Watu wa Kikula walinicheka: mtu anapikia imbwa wakati bantu banalala njaa! Lakini kule Shituru, kwenye nyumba za kampuni, wako watu wenye mbwa wa ndani, wale wanaolala juu ya kiti na kuitwa majina ya waheshimiwa. Walikuja wenyewe. Chef Floribert, wakaniita. Na wote walitaka kujua ninatia nini mwishoni, ile dawa inayofanya tonge ling'ae na mbwa alambe sahani mpaka ikimbie. Sikumwambia mtu. Mke wangu mwenyewe nilimwambia atoke nje kwanza.

Na alitoka, unajua. Alirudi kwao Kolwezi. Wewe ulikuwa bado hujaja kukaa kwangu. Avenue nzima, mtaa wetu wote, niliiambia kwamba nilimfukuza, kisha kwamba alinililia stesheni, kisha kwamba ananiandikia. Mambo yalikuwa madogo kuliko hivyo. Siku moja alikuwa anataka kuniambia kitu, sijui nini mpaka leo, na mimi nilikuwa katikati ya hadithi. Alingoja nimalize. Alingoja sana, Clémence. Halafu akachukua kitenge chake cha pili, akaenda. Nadhani alikuwa anatafuta mlango ndani ya maneno yangu, asiupate.

Halafu mama yako akafariki, wakakuleta wewe. Uligeuza beseni langu kubwa, ukakaa juu yake karibu na moto, ukakunja magoti. Kila niliponyamaza kupumua uliniuliza, "Kisha?" Mbwa akapanda treni. Kisha? Kondakta akamuomba tiketi. Kisha? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza neno lile namna ile. Nilikuwa naongeza chumvi kwa sababu yako, mtoto weye! Sitaki kukulaumu, lakini nusu ya bongo zangu, huu uongo wangu, ni kazi yako.

Halafu ulikwenda shule, ukasoma biokimia, ukarudi siku moja na neno jingine. Sikuliona lilipoingia nyumbani. Nilikuwa nasimulia nyoka wa mto Panda, ukaweka sahani chini ukaniuliza, "Uliona?"

Basi ni lile neno uliloniuliza siku Papa Ngoie alipomleta Minista kwa toroli.

Yule mzee unamjua zaidi yangu sasa, lakini acha niandike, barua inapenda mambo yawe mahali pake. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, mke amekufa, watoto wako Zambia, na ndani ya nyumba yake ya Shituru hakuna anayepumua isipokuwa yeye na yule mbwa. Alimwita Minista kwa sababu anakula na hafanyi kitu. Siku ile Minista alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa, anaharisha damu. Papa Ngoie alikuwa anasukuma toroli huku anamwambia mbwa, "Kaza roho, mukubwa, tunafika."

Mimi nikasema sumu. Mwizi amerusha nyama juu ya ukuta. Kufika saa sita nilikuwa nimemwona yule mwizi. Kufika jioni walikuwa wawili na pikipiki. Wewe ukatoka ndani unafuta mikono.

"Tonton, uliona ule muntu?"

"Niliona kivuli chake."

"Ulikiona wapi? Minista analalaka Shituru, weye unalalaka hapa Kikula."

"Macho yangu yanaendaka mbali."

"Muzuri. Na Papa Ngoie? Tumbo yake inamuumiza tangu jana, anaharisha naye. Mwizi alimurushia na yeye nyama?"

Papa Ngoie akacheka kidogo, ameshika kiuno. "Hapana, mama. Nyama ya bure ningeikumbuka."

"Nani anaoshaka sahani ya Minista, papa?"

"Miye."

"Nani anamulisha matonge?"

"Miye, na mukono. Bila mukono hakubali, ana kiburi." Halafu akaangalia chini, kwenye mkono ule ule anaomegea ugali. "Na kisha naendeleaka na bukari yangu."

Ukanigeukia mimi. Na mimi, Floribert, nilinyamaza. Avenue nzima ingelipa kuona.

Yaliyofuata uliyafanya wewe. Ulimpeleka mzee kwa waganga wa zahanati, ukamleta veterineri, daktari wa wanyama, kwa Minista, na veterineri akasema kama tunataka kujua, si kubahatisha, choo cha mbwa na chakula chenyewe vyote viende labo Lubumbashi, na kama mikrobi ni moja pande zote mbili basi njia imejulikana. Jioni ile ulinieleza. Kwamba mikrobi ile, salmonele, haina mguu wala pembe, inapenda nyama mbichi, na hata ukianika chakula kikakauka kama jiwe inaweza kulala mle, inangoja. Kwamba mbwa anaweza kuibeba na asiugue, akamgawia mtu anayemshika. Kwamba mnailaza kwenye kisahani, kwenye joto kama la tumbo, inaota madoa, na katikati ya doa panakuwa peusi, kama jicho la samaki ndakala. Nilipenda hiyo ya jicho. Nilitaka kukuuliza, kisha? Lakini nilikuwa nimeanza kuogopa.

Wakati ule tayari nilikuwa nimekwenda Shituru kukusanya matonge yaliyobaki kwa mzee. Nilimwambia nayahifadhi yasiibiwe na wale wezi. Kopo, kabati, Bikira.

Utasema Tonton aliogopa kwa ajili ya biashara. Niliogopa biashara, ndiyo, mimi si malaika. Lakini biashara ni sufuria. Nimeshapoteza sufuria nyingine. Niliogopa kitu kingine. Nilikuona umevaa koti jeupe, mahali nisipopajua, umeinama, na kitu cha kwanza unachokiona chini ya kioo cha kukuzia ni mimi. Wenzako wanauliza chakula hiki kimetoka kwa nani, na wewe unatafuta namna ya kutaja. Mtoto aliyeona jambo namna ile atarudi Kikula kufanya nini? Niliwaza: akikuta matonge ni safi atarudi Noeli, atakaa juu ya beseni. Ndiyo maana nilipika juzi. Sikuwa napika chakula cha mbwa, Clémence. Nilikuwa napika Noeli.

Sasa nikuambie habari ya leo mchana, ulipokuwa unasukwa nywele.

Nilikwenda Shituru kumwona mzee, nisikae peke yangu na lile kopo. Nilimkuta amekaa chini mlangoni, Minista amelaza kichwa kwenye kiatu chake. Wote wawili wamekonda. Ukiwatazama kwa nyuma hujui nani alianza kuugua. Alikuwa amemega bukari, anampelekea mbwa mdomoni, na mbwa anageuza uso.

"Unaona?" akasema. "Bukari hataki. Anakutafuta weye. Floribert, yale matonge ulibebaka, uturudishie basi. Akikula yako atasimama."

Nikasema tungoje kidogo, tumbo lipone.

"Weye unakuwa kama ule mutoto wako wa labo. Ngoja, ngoja." Akamfuta mbwa mate kwa kiganja. "Unayua bantu banasema nini hapa? Eti chakula yako njo ilimugonjesha."

"Wanasema?"

"Banasema. Miye nikawajibu. Nikasema, Floribert ni muntu wa bongo, ile tunayua wote, hata Minista anayua. Lakini ku sufuria ya imbwa hasemake bongo. Pale tu."

Na akacheka, na akashika kiuno tena.

Clémence, nimesifiwa sana katika maisha haya, mara nyingi na mimi mwenyewe. Hakuna sifa iliyowahi kuniketisha chini namna ile. Nilikaa pale pembeni yake. Minista akaja taratibu, akanusa mikono yangu, mmoja, halafu mwingine, akailamba. Sikujua nimwondoe au nimwache. Nilirudi kwa miguu mpaka Kikula na nikaosha mikono kwa sabuni yako, ile usiyotaka niiguse, na sikumsalimia mtu njiani, wakadhani naumwa.

Sasa nimenyanyuka kidogo kutoka mezani. Nimerudi.

Nimefanya hivi. Nimenawa tena. Nimechukua sashe mpya, nimeigeuza ndani nje, nimeivaa mkononi kama soksi, nimeshika matonge yale ya kweli bila kuyagusa, nimeigeuza tena, nimefunga. Namna ile ile uliyonionyesha na viazi, ukanicheka. Nimefungua kisanduku chako. Matonge ya uongo nimeyatoa. Ya kweli yako pale, juu ya barafu, karibu na kichupa cha Minista. Etiketi nimebandua ile yako nikaibandika juu ya hii, imekunjamana kona moja. Utepe umekaa upande. Usimlaumu dereva.

Kama kuna sheria ya labo niliyoivunja kwa kufanya haya, waambie wakubwa wako ni mtu wa namna gani aliyeshika kisanduku, na wakikuambia mzigo haufai, nirudie. Bado nimeacha matonge machache kwenye kopo, kopo nimelifunga, na juu yake nimeandika USIGUSE kwa herufi ambazo hata Minista angesoma.

Na kuna jambo jingine. Veterineri alisema mtataka kujua chakula kinatengenezwa namna gani, hatua kwa hatua. Mke wangu hakuijua hatua ya mwisho. Wewe umelala nyumba hii tangu utoto na hukuijua. Iandike:

Baada ya kupika, matonge yakishapoa, nayachovya kwenye damu. Damu mbichi ya ng'ombe, ya asubuhi ile ile, kutoka machinjioni, inakuja ndani ya beseni. Nayachovya, nayazungusha, naanika tena juani. Jua tu, moto hapana. Moto ungeua ule mng'ao. Hiyo ndiyo dawa. Hiyo ndiyo sababu waliniita Chef. Nilijivunia jambo moja tu nililoligundua kwa akili yangu mwenyewe, na tangu jioni ile uliponieleza habari ya nyama mbichi, najua bila kioo nimelisha nini nyumba za watu.

Lakini usiandike "anajua." Andika "anadhani." Ulinifundisha tofauti, nami nilijifanya sikusikia. Labda ni bandama. Labda ni maji. Labda hata mwizi yupo, na pikipiki yake! Pimeni. Kesho ukishaondoka nitakwenda Shituru kumwambia Papa Ngoie asingoje matonge, na nimwambie kwa nini, na aendelee kuosha mikono kila anapomshika mbwa, hata kama mbwa anaonekana mzima. Halafu nitapita nyumba nyingine, moja baada ya nyingine. Nitaanza na mzee kwa sababu yeye atanichukia kwa taratibu. Nusu pipa nimelipindua. Halitasimama mpaka uniambie.

Jina langu liandike. Floribert, lote, usikate. Hata kwenye jambo baya napenda liandikwe vizuri.

Clémence, kimama changu, huko unakokwenda watakupenda kwa sababu hujui kupamba. Usijifunze. Mimi nilijifunza mapema, na ilinipa watu wengi wa kunisikiliza, na hakuna hata mmoja wa kukaa naye wakati sina la kusema. Leo jioni ndiyo mara ya kwanza ninakaa hapa bila la kuongeza, na kumbe chumba ni kikubwa namna hii. Viatu vyako viko mlangoni. Kimoja kitapata barua hii sasa hivi. Nikishakiweka sawa sitakuwa na kazi nyingine mpaka urudi kutoka parokiani, na nitajifanya nimelala, kwa sababu ukiniona usoni utauliza.

Usirudi Noeli kwa huruma. Rudi kama una njia. Ukipata jibu, madoa yawe meusi au yasiwe, nipigie mimi kabla ya mtu yeyote, na usinipunguzie. Hujawahi kuniongopea, usianze kwa sababu ya umri wangu.

Lile beseni limegeuzwa karibu na moto, mahali pake pa zamani. Safari hii nitakaa mimi juu yake, na simu kwenye magoti. Utaniambia mlifungua kisanduku. Utaniambia mliweka kwenye visahani. Nami sitakukatiza, nitangoja upumue, halafu nitakuuliza:

Kisha?

Tonton wako,
Floribert